Je, wajua kwa nini mshambuliaji Jan Koller alidaka dhidi ya Bayern Munich?

Tarehe 9 Novemba 2002, katika Uwanja wa Olimpiki mjini Munich, Borussia Dortmund walimaliza mechi yao ya ligi ya Ujerumani dhidi ya Bayern wakiwa tisa uwanjani. Mmoja wa hao tisa, aliyekuwa langoni na glovu mikononi, ndiye aliyekuwa amewafungia bao la kuongoza mapema katika kipindi cha kwanza. Jina lake Jan Koller, raia wa Jamhuri ya Czech, mshambuliaji wa kati mwenye kipara na urefu wa mita 2.02. Sasa ilikuwaje kocha Matthias Sammer akamkabidhi lango mtu aliyesajiliwa kufunga mabao?

Sehemu ya jibu imo kwenye sheria za mchezo. Timu haiwezi kuendelea kucheza bila golikipa. Kipa akitolewa kwa kadi nyekundu, kwa kawaida kocha humtoa mchezaji wa ndani na kumwingiza kipa wa akiba. Lakini zama hizo timu ilikuwa na nafasi tatu tu za kubadilisha wachezaji, na siku hiyo Dortmund walikwisha kuzitumia zote. Kiungo wao Torsten Frings alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Katika kipindi cha pili Roque Santa Cruz akasawazisha, Claudio Pizarro akafunga la pili muda mfupi baadaye, na golikipa Jens Lehmann, mtu asiyejua kunyamaza, akamfuata refa kulalamika. Kadi ya pili ya njano, kisha nyekundu. Hapo akiba haipo, lazima avae glovu mmoja wa waliobaki.

Kwa nini Koller na si beki fulani? Wengi walidhani ni kwa sababu ya urefu wake. Urefu unasaidia, lakini ukweli ni kwamba Koller alijifunza soka akiwa golikipa. Alipokuwa kijana kule Czech alilelewa kama mlinda mlango kabla ya kusogezwa mbele kuwa mshambuliaji. Kwa hiyo Dortmund hawakubahatisha, walimrudisha kwenye kazi yake ya zamani. Alikaa langoni zaidi ya dakika 20, mbele ya timu iliyokuwa na Michael Ballack na huyo Pizarro, na hakufungwa hata bao moja. Mechi iliisha 2-1 kwa Bayern, mabao yote mawili yakiwa yameingia Lehmann akiwa bado uwanjani. Jarida la michezo la Kicker likamweka Koller kwenye kikosi chake cha wiki, tena kama golikipa.

Na kuna kichekesho kingine. Huyo Lehmann mwenyewe, mwaka 1997 akiidakia Schalke, alipanda mbele dakika za mwisho akafunga kwa kichwa na kupata sare ya 2-2. Waliofungwa bao hilo walikuwa Dortmund!

Kwa maoni yangu, miaka ya udakaji ilimjenga Koller hata alipokuwa mbele. Kipa hufundishwa kusoma mpira wa juu: unatua wapi, uruke lini, uwahi vipi kabla beki hajakusukuma. Mtazame Koller kwenye Euro 2004 nchini Ureno, mechi ya Aveiro dhidi ya Uholanzi. Czech walikuwa nyuma 2-0 dakika ya 19. Koller alirudisha la kwanza. Kipindi cha pili ukaja mpira wa juu kwenye boksi, wengi wakitarajia apige kichwa. Yeye akautuliza kwa kifua, akamwekea Milan Baroš aliyekuwa anakuja, naye Baroš akaufumua moja kwa moja hadi wavuni. Ikawa 2-2, kisha Vladimír Šmicer akamalizia la tatu. Watu huzungumzia vichwa vyake, ila mimi naona kifua ndicho kilichokuwa silaha yake kubwa.

Pengine kuchelewa kwake kung'ara kama mshambuliaji pia kunatokana na historia hiyo ya udakaji. Alijiunga na Sparta Prague mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 21 na hakung'ara sana. Mwaka 1996 akaenda Lokeren ya Ubelgiji, klabu isiyo kubwa, na huko ndiko alikokomaa: msimu wa 1998/99 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ubelgiji kwa mabao 24. Anderlecht wakamchukua, akashinda nao ubingwa mwaka 2000 na 2001, pamoja na Kiatu cha Dhahabu cha Ubelgiji cha mwaka 2000, tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo. Mwaka 2001 akahamia Dortmund, na msimu wake wa kwanza wakatwaa ubingwa wa Ujerumani. Msimu huohuo walifika fainali ya Kombe la UEFA, Koller akafunga, lakini Feyenoord wakashinda 3-2.

Kwa timu ya taifa alifunga mabao 55 katika mechi 91, rekodi ambayo hakuna Mcheki aliyeifikia. Thamani yake ilionekana zaidi alipokosekana. Kombe la Dunia 2006 alifunga kwa kichwa dakika ya tano dhidi ya Marekani, halafu akaumia msuli wa paja na kutolewa kwa machela kabla ya mapumziko. Czech walishinda 3-0 siku hiyo. Mechi iliyofuata, bila yeye, walikutana na Ghana: Asamoah Gyan akawatungua dakika moja na ushee tu baada ya filimbi, Sulley Muntari akaongeza la pili. Italia nao wakawafunga 2-0, safari ikaishia hapo.

Euro 2008 mjini Geneva, Czech waliongoza 2-0 dhidi ya Uturuki, bao la kwanza likiwa la Koller. Uturuki wakageuza matokeo kuwa 3-2 katika robo saa ya mwisho. Dakika za majeruhi, kipa wa Uturuki Volkan Demirel akamsukuma Koller na kupewa kadi nyekundu. Waturuki nao walikuwa wamemaliza mabadiliko yao, hivyo akalazimika kudaka Tuncay Şanlı, mchezaji wa mbele, huku Koller safari hii akiwa upande wa wanaoshambulia. Czech hawakupata la kusawazisha, wakatolewa.

Wakati huo alikuwa tayari amepita Monaco na Nürnberg, na Nürnberg ilishuka daraja msimu huohuo. Akaenda Samara nchini Urusi kuichezea Krylia Sovetov, kisha Cannes, klabu alikoanzia Zinedine Zidane, wakati huo ikiwa daraja la tatu la Ufaransa. Alistaafu mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 38.