Kwa nini tendo la ndoa huendelea kuuma hata vipimo vikiwa safi?

Mwanamke amemaliza dozi ya PID (maambukizi ya kizazi na mirija yake), vipimo havionyeshi maambukizi, lakini faragha bado inamuuma. Mume anadhani hatakiwi tena. Mke anaanza kujiuliza kama maumivu ni ya kufikirika. Si ya kufikirika.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandaa kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, ikibeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Eneo hilo likiuma kwa muda mrefu (yakifika miezi 6 huitwa maumivu sugu), misuli hujikaza ili kujilinda, na baadaye hushindwa kulegea. Ikikazika siku nzima, yenyewe huanza kuuma, na mishipa ya fahamu huwa myepesi mno kiasi kwamba hata mguso mdogo unachoma. Ndiyo maana kurudia antibayotiki bila kipimo hakusaidii. Wanaume nao hupata hali hii, mara nyingi wakiumwa baada ya kumwaga.

“Vumilia tu” ni ushauri mbaya. Kila tendo linalouma huuzoesha mwili kujikaza hata kabla ya kuguswa.

Angalieni kwanza panapouma. Maumivu ya mlangoni mara nyingi ni ukavu au misuli iliyokaza. Ya ndani kabisa yanaweza kutokana na endometriosisi (tishu kama za utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi), ambayo ultrasaundi inaweza isiione, kwa hiyo mwambie daktari wazi kama na hedhi yako huuma sana.

Kulegeza misuli hufanywa hivi: lala chali, kunja magoti, vuta pumzi puani mpaka tumbo liinuke, na wakati huo huo achia misuli ya chini kama unayeanza kukojoa. Toa pumzi taratibu bila kubana. Dakika 5, asubuhi na jioni. Mazoezi ya kubana uke, yanayosifiwa sana mitandaoni, huongeza maumivu kwa misuli ambayo tayari imekaza. Mtaalamu wa fiziotherapia ya nyonga, akipatikana, atakupima na kukuelekeza.

Kitandani, tumieni kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi na Vaseline hudhoofisha kondomu za mpira. Mke akiwa juu, au mkilala ubavu, kina anakiamua yeye. Kubalianeni mapema kwamba akisema basi, mnaacha hapo hapo, na kwamba zipo siku za kukumbatiana na kupapasana tu bila kuingiliana. Hofu ikipungua, misuli nayo hulegea.

Damu baada ya tendo, homa, uchafu wenye harufu, au maumivu makali ya ghafla huku hedhi imechelewa: nenda hospitali siku hiyo hiyo.