Kazi ya pembeni na kodi: lumbesa haianzii chini ya gunia

Machi ikikaribia, watu wa mshahara hapa Mbeya huniletea swali lilelile kwa sura tofauti: hela ya kazi ya pembeni nayo inatozwa kodi? Mmoja ni mwalimu wa shule binafsi anayetafsiri nyaraka usiku. Mwingine ameajiriwa kwenye kampuni ya parachichi Rungwe, na wikiendi anatengeneza tovuti za watu. Wanakuja wakiwa wameshapewa jibu kijiweni, na kazi yangu kubwa huwa ni kulifumua hilo jibu.

"Mshahara umeshakatwa PAYE, nimemaliza."

PAYE, kodi ambayo mwajiri hukukata kila mwezi, ni ya mshahara tu; mwajiri hana habari na tafsiri zako za usiku. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haimdai ritani (taarifa ya mapato ya mwaka inayopelekwa TRA, mamlaka ya mapato) mfanyakazi ambaye mshahara uliokatwa kodi ndio pato lake pekee. Ukishakuwa na biashara pembeni, hata ikiwa ni ya laptop na meza ya sebuleni, hauko tena kwenye kundi hilo.

"Chini ya milioni 4 hakuna kodi."

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na si uzushi mtupu. Desemba 2018 vilitoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mpaka leo jedwali la kodi ya wafanyabiashara wadogo linaanza na sifuri hadi kwenye milioni 4 hiyohiyo. Watu wakaishika namba, sharti lake wakaliacha: jedwali hilo ni la mtu ambaye pato lake lote la mwaka linatokana na biashara tu. Mama anayeuza ndizi Mwanjelwa na hana ajira popote linamhusu. Wewe mwenye salary slip halikuhusu. Unarudi kwenye viwango vya kawaida, ambavyo havitazami mauzo bali faida.

"Sawa, lakini 270,000 ya kwanza kila mwezi haitozwi, kwa hiyo hela yangu ya pembeni inaangukia humo."

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibikia. Aliyewahi kununua viazi Uyole anaijua lumbesa: gunia likishajaa, juu yake hushonewa kilemba na kujazwa tena. Hela ya pembeni ndiyo hicho kilemba. Huwezi kuihesabu kama gunia jipya linaloanza kujazwa kutoka chini, kwa sababu ile sehemu isiyotozwa mshahara umeshaimaliza.

Tumchukue mwalimu wetu. Mshahara wake ni 700,000. Mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 10 unatolewa kabla ya kodi, inabaki 630,000. Kwa mwaka ni 7,560,000, na PAYE aliyokatwa ni 504,000. Tafsiri zimemwingizia 3,000,000. Bando, umeme na uchapishaji wa kazi hizo vimemla 350,000. Alinunua pia laptop ya 1,200,000 anayoitumia kwa tafsiri tu. Hatoi bei yote mwaka wa kwanza, anatoa uchakavu (thamani inayopungua kwa mwaka) wa asilimia 37.5, yaani 450,000. Faida yake ni 2,200,000.

Sasa panga juu ya mshahara. Jumla ni 9,760,000. Kwa viwango vya mwaka, pato linalozidi 9,120,000 hutozwa 816,000, kisha asilimia 25 ya kilichozidi. Kilichozidi ni 640,000, robo yake ni 160,000. Kodi ya mwaka mzima inakuwa 976,000. Ondoa 504,000 ya PAYE, zinabaki 472,000.

Angeianza upya kutoka sifuri, 2,200,000 isingefika hata 3,240,000 ambayo haitozwi kwa mwaka, na angejiandikia sifuri. Tofauti ya laki nne na ushee! Ndiyo maana nasisitiza kilemba.

"Bando, nguo, chai, vyote ni gharama."

Gharama inayokubalika ni ile iliyotumika kwa ajili ya kuzalisha pato hilo. Bando unaloangalizia mpira pia, toa sehemu ya kazi tu. Suti ya kukutana na mteja isahau. Na risiti zitunzwe miaka mitano. Karatasi za mashine hufifia, kwa hiyo zipige picha mapema.

"Walinikata asilimia 5, hiyo ndiyo kodi yenyewe."

Taasisi inayokulipa kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Hayo ni malipo ya awali tu. Mwalimu alilipwa 1,600,000 na taasisi moja mjini Iringa, wakazuia 80,000. Akiwa na cheti cha zuio, 472,000 yake inashuka hadi 392,000. Bila cheti atahangaika kuthibitisha kwamba alikatwa, kwa hiyo kiombe siku ya malipo. Ukisubiri Juni mwaka unaofuata, mhasibu aliyekulipa huenda ameshahamia Songea.

"Mteja yuko Ujerumani, hela imetoka nje."

Mkazi wa Tanzania hutozwa kwa pato lake lote, litoke Tukuyu au Berlin.

"Tozo za simu nilishalipa."

Tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 ilikuwa ya kugusa muamala. Haikujali kama umepata faida au hasara, na haihesabiwi kuwa malipo ya kodi yako ya mapato.

"Nitalipa yote mwisho wa mwaka."

Makadirio ya kodi hupelekwa mapema, kufikia 31 Machi ya mwaka huohuo unaotafuta riziki hiyo, na kodi hulipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwisho inafuata kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. TIN (namba ya mlipakodi) ni ileile ya ajira, na kuipata ni bure, hata kishoka wa mtaani akuambie nini.

"Nikinyamaza nani atajua?"

Ile taasisi ya Iringa ilipopeleka 80,000 kwa TRA iliandika pia TIN ya mwalimu. Kwao malipo yake ni gharama, na wanataka sana ionekane.