Je, wajua kwa nini shahada ya fani nyingi huanza na swali?

Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuathiriwa na ujenzi wa bandari. Lakini mvuvi ni nani? Mwenye mashua, baharia wake, mtega madema, au mama anayechuuza samaki? Sheria peke yake haijibu, wala uchumi.

Anayebuni shahada ya sayansi ya jamii ya fani nyingi huanza na swali kama hilo, ndipo atafute kozi za kulijibu. Wengi hufanya kinyume: huokota kozi zilizopo idarani, wakazibandika jina jipya. Hiyo ni kachumbari.

Chukua miaka 4, mihula 8, kozi 5 kila muhula: jumla 40. Mgawanyo mzuri ni 8 za misingi ya fani nne, 6 za mbinu za utafiti, 12 za fani moja ya kubobea, 10 za pamoja zinazolizunguka swali, na 4 za nyanjani na tasnifu. Zile 12 zisiguswe. Bila hizo mhitimu atakwama akiomba uzamili.

Mbinu zifundishwe kabla ya mwaka wa 3. Dodoso la kipato likipelekwa Lamu mwezi wa Julai, kusi limechacha na mashua ndogo hazithubutu kutoka nje, mvuvi atataja pato la njaa. Mwanauchumi asiyejua misimu atalizidisha mara 12, aite pato la mwaka. Mwanaanthropolojia angemzuia, naye huhitaji takwimu, asije akageuza simulizi za wavuvi 10 kuwa za wote 4,600. Basi nyanjani kwendwe mara mbili, kusi na kaskazi.

Shahada hizi huvunjwa zaidi na utawala. Walimu wawili wakishika darasa moja, kila mmoja akahesabiwa nusu ya kazi, mwaka wa pili hawaonekani. (Nani awalaumu?) Kisha alama: mwanauchumi hukata kwa kukosa jedwali, mwanasheria kwa kukosa vifungu. Waandike mwongozo mmoja mapema, wasahihishe insha 5 zilezile kila mtu kivyake, walinganishe. Wakipishana zaidi ya alama 10, warudi kwenye mwongozo kabla ya kugusa rundo lililobaki.