Fundi, usimpe mwenzako jicho lako akutolee kipande: maswali na majibu kuhusu drili ya nyundo

Nahudumia wagonjwa wa macho hapa Dodoma. Tangu nyumba zianze kuota Nzuguni, Iyumbu na kule Mtumba, nakutana na fundi wa namna ileile kila mara, jicho limeiva kama nyanya, ukimuuliza anasema "nilikuwa natoboa zege juzi". Juzi! Haya ndo maswali wanayoniuliza.

Hii drili ya nyundo ina tofauti gani na ya kawaida?
Ya kawaida inazungusha tu. Hii inazungusha huku inagonga, ndani kuna pistoni inayosukuma hewa na biti, ile ncha ya kutobolea, inagonga maelfu ya mara kwa dakika moja, ndo maana zege gumu linakubali. Sasa kinachomeguka hakidondoki chini, kinaruka, na wewe uso wako uko hapohapo karibu.

Kipande kikiingia jichoni, mwenzangu akinitolea na ncha ya kitambaa kuna ubaya?
Upo, tena mkubwa. Nimeona kitambaa, njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, hadi ulimi. Kioo cha mbele cha jicho ni chembamba, hakifiki hata milimita moja, ukikikwangua na kitu kichafu unafungulia vijidudu mlango, kidonda kinatokea, kikipona kinaacha kovu jeupe na huoni tena kupitia hapo. Mwenzako ni fundi mzuri wa plasta, sio wa macho. Asikuguse.

Lakini haliumi sana na naona vizuri, si nisubiri kesho?
Hapana, usisubiri. Hili ndo linanikera kuliko yote kwa sababu kipande kidogo kinachoruka kwa kasi kinaweza kupenya mpaka ndani ya jicho na maumivu yakawa madogo tu, unaendelea na kazi, unapokea hela yako, unalala, kumbe usaha unaanza kutengenezeka ndani. Na kama ni chuma, labda biti iligonga nondo, kinaanza kupata kutu humohumo jichoni, ukija baada ya siku mbili natoa chuma halafu kutu imebaki. Nenda siku hiyohiyo. Sio ukimaliza kumwaga zege, sio Jumatatu, siku hiyohiyo.

Maziwa ya mama je? Au matone ya duka la dawa?
Hapana na hapana. Maziwa ni chakula, hata vijidudu vinayapenda. Matone mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanapunguza wekundu unajiona umepona huku kidonda kinachimba chini kwa chini.

Sasa nifanye nini?
Kama ni vumbi tu, nawa mikono, mwagia jicho maji safi mengi taratibu, usisugue. Likiendelea kukwaruza, twende hospitali. Ila kama kitu kimepiga kwa nguvu au unaona kimechoma, usimwagie, usikibonyeze, usikivute. Funika na kitako cha kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, usile kitu maana unaweza kuhitaji upasuaji, na nenda penye wataalamu wa macho kama hospitali ya General, ile ya mkoa, au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Uliza na sindano ya pepopunda.

Kabla sijawasha nijiandae vipi?
Miwani kwanza. Ya kujikinga, iliyoziba pembeni, sio ya jua uliyonunua stendi. Ukitoboa dari vaa inayoziba kote maana vumbi lote linakuja usoni.

Chomoa plagi ndo ubadilishe biti, ukishaiingiza ivute uone imeshika. Funga ule mpini wa pembeni, najua mnautoa mnasema unawasumbua, lakini biti ikinasa kwenye nondo mashine yenyewe ndo inazunguka na mkono wako unazunguka nayo. Simama kwenye kitu imara, sio ndoo. Zima umeme wa ukuta unaoutoboa kama hujui waya zimepita wapi, na acheni kabisa kuchomeka waya zilizochunwa kwenye soketi na njiti za kiberiti. Usiikandamize kwa kifua, iache igonge yenyewe.

Na vumbi, kelele?
Vumbi la zege lina silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, linakovusha mapafu, kovu hilo halina dawa ya kuliondoa, na linakuweka karibu na TB. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta N95, ile barakoa inayochuja vumbi laini. Masikioni weka vizibo, hii mashine inapita desibeli 85, kiwango kinachoanza kuharibu masikio, kwa mbali. Vidole vikianza kufa ganzi kwa mtetemo, pumzika, na ikijirudia onana na daktari.

Kipande kimetoka chenyewe, bado nije?
Njoo. Huna uhakika kama kilikuwa kimoja. Na ukifika useme ulikuwa unatoboa nini, na kama biti iligonga chuma, maana chuma kinaonekana kwenye eksirei na daktari atajua anatafuta nini.