"Hiyo ni siri ya kampani": dhana zinazovitesa viwanda vya shaba vya Katanga

Ukitoka Lubumbashi kwenda Kolwezi kwa kupitia Likasi na Fungurume, unapita viwanda vinavyotumia asidi ya namna moja ya kuyeyushia madini na umeme uleule wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, na mafundi wake wengi wamesoma darasa moja. Karibu kila kimoja kinaumwa ugonjwa ambao jirani yake alishautibu. Ukiuliza kwa nini hawakuulizana, jibu ni moja: "Injinia, ile hatuwezi kuambia batu ya inje, ni siri ya kampani." Nimelisikia mara nyingi mno, na sasa nalijibu kwa maandishi, pamoja na ndugu zake wachache.

Dhana: ukimweleza jirani unavyoendesha kiwanda, umempa soko lako

Soko lipi? Mama anayeuza mikate kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, ana sababu ya kuficha namna anavyokanda unga, maana mteja akihamia meza ya pili, pesa imehama naye. Katodi, yaani bamba la shaba safi tunalouza, haiuzwi hivyo. Bei ya shaba inafuata soko la metali la London, LME, na jirani yako akitoa tani kumi zaidi wiki hii hakunyang'anyi mnunuzi hata mmoja. Faida yako inaliwa na gharama zako mwenyewe: saa ambazo kiwanda kimesimama, asidi inayopotea, na umeme, ambao kwenye elektrolisi, pale kuran inapovuta shaba kutoka kwenye asidi, ni karibu kilowati-saa 2,000 kwa kila tani ya shaba.

Chukueni mfano wa kuran, yaani umeme, kukatika. Rektifaya, mashine inayogeuza umeme wa gridi uwe wa mkondo mmoja, ikizima ghafla, seli (matangi ya elektrolisi) zinageuka betri na kuanza kutoa umeme badala ya kuupokea. Ganda la oksidi ya risasi (ile metali) linaloilinda anodi, bamba linalokaa mkabala na katodi, linabadilika, linalegea, linabanduka. Kuran ikirudi, vipande vile vinanaswa ndani ya katodi. Katodi ya daraja A inaruhusiwa risasi isiyozidi sehemu 5 kwa milioni, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubahatisha: shehena inashushwa daraja, mnunuzi anakata bei, na shefu wa elektrolisi anaitwa ofisini.

Dawa yake inajulikana. Ni jenereta na rektifaya ndogo ya akiba inayozipa seli kuran kidogo tu, ya kuzizuia zisigeuke. Hiyo si siri, iko vitabuni. Kisichokuwa vitabuni ni kile ambacho jirani amekipata kwa kuumia: jenereta ichukue mzigo ndani ya muda gani, mstari upi wa seli ulishwe kwanza, opereta afanye nini na mtiririko wa elektroliti (asidi yenye shaba iliyomo ndani ya seli) ili asitibue tope lililolala chini ya seli, na tope hilo lisafishwe baada ya muda gani.

Najua kiwanda kilichohangaika na risasi msimu mzima wa mvua. Kililaumu maabara, kikabadilisha muuzaji wa anodi, kikalaumu maabara tena. Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa ameshafunga rektifaya ya akiba. Mafundi wa pande zote mbili walikuwa wanakunywa bia kwenye baa moja kila Jumamosi, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kufungua mdomo. Sasa niambieni, siri hiyo ilimlinda nani?

Pale siri inapogusa usalama, uvumilivu wangu unaisha kabisa. Tarehe 24 Septemba 1977, kwenye kinu cha nyuklia cha Davis-Besse, Ohio, valvu ya kupunguza shinikizo ilifunguka ikakwama. Kipimo cha maji kiliwadanganya waendeshaji, nao wakapunguza maji ya dharura. Walikuja kuligundua tatizo baada ya dakika kama 20, na kwa kuwa kinu kilikuwa kwenye asilimia 9 tu ya nguvu yake, hakikuharibika. Miezi 18 baadaye, tarehe 28 Machi 1979, kinu cha Three Mile Island kilichotengenezwa na kampuni ileile, Babcock & Wilcox, kilipata jambo lilelile. Valvu ilikwama na waendeshaji wakadanganyika vilevile, lakini safari hii yalipita zaidi ya masaa mawili kabla ya njia ya valvu ile kufungwa, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Somo la Ohio lilikuwepo. Halikuwa limewafikia watu waliokuwa kwenye zamu.

Mwaka uleule makampuni ya umeme wa nyuklia ya Marekani yaliunda taasisi yao, INPO, ili yakaguane na kuambiana. Baada ya Chernobyl ya 1986, ilizaliwa WANO mwaka 1989, jumuiya kama hiyo ya dunia nzima. Kama wenye vinu vya nyuklia wanaingia kwenye chumba cha udhibiti cha wenzao na daftari mkononi, sisi wa shaba tunaficha nini? Matangi yetu ya kuchujia shaba yamejaa mafuta yanayowaka. Kule Olympic Dam, Australia, sehemu kama hiyo iliungua Desemba 1999, ikaungua tena Oktoba 2001. Ukiwa na jibu zuri kuhusu umeme tuli, ule unaojikusanya na kutoa cheche, kwenye mabomba ya plastiki na ukalificha, mimi na wewe hatuna la kuzungumza.

Siri halali zipo, na ni chache: mikataba ya mauzo, bei unazolipa na kulipwa, zabuni, mipango ya kununua maeneo. Hizo fungieni kabatini. Tena kukaa na washindani mkapanga pamoja bei ni kosa, kuna sheria ya ushindani ya mwaka 2018. Lakini beringi iliyoungua si zabuni.

Dhana: kiwanda chetu ni tofauti, ya wengine hayatufai

Madini, sawa, yanatofautiana. Yenye dolomiti (jiwe la jamii ya chokaa) nyingi yanakunywa asidi kuliko mengine, na manganizi inasumbua hapa kuliko pale. Lakini pampu yako inavuja kwa sababu zilezile zinazovujisha ya jirani. Anayeniambia "sisi ni tofauti" namwomba aandike tofauti hizo kwenye karatasi. Mara nyingi zinaishia mistari mitatu.

Dhana: mwenye kujua anatoka nje

Kiwanda cha Shituru, pale Likasi, walianza kutoa shaba kwa elektrolisi mwaka 1929. Kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na wengi walikwenda nyumbani na ujuzi usioandikwa popote. Baadhi wako Panda na Kikula, mitaa ya Likasi, hadi leo. Kabla ya kumlipia mgeni tiketi ya ndege, mpelekeeni mzee mmoja gari.

Dhana: SNEL isipotulia, hakuna cha kujifunza

Fungua daftari la visimamo, utenganishe vilivyoletwa na SNEL na vile vilivyoendelea masaa mengi baada ya umeme kurudi. Hilo la pili ni lako. Na usiniambie daftari halina safu ya chanzo.

Dhana: kubadilishana uzoefu ni semina hotelini

Semina ina perdiemu, picha ya pamoja na kofia yenye nembo. Pampu inabaki ilivyo. Mimi nashauri kitu kimoja, na nitaendelea kukishauri hata mkinichoka: tembeleaneni wakati wa kisimamo kikubwa cha matengenezo, pale mashine ikiwa imefunguliwa na uozo wake unaonekana. Pelekeni waendeshaji wawili na msimamizi wa matengenezo. Warudi na ukurasa mmoja wenye mambo manne: shida, chanzo, kilichobadilishwa, na hali ilivyo baada ya miezi mitatu. Hilo la nne ndilo watu wanaloliruka, na bila hilo huwezi kujua kama umeletewa dawa au hadithi. Karatasi ibandikwe chumba cha zamu kwa Kiswahili na Kifaransa. Mkurugenzi mnaweza kumtumia nakala.