Lami nyepesi ya kufika getini: pesa iko chini na pembeni

Kila mwaka mvua ikishakatika, kuanzia Mei hivi, simu zinaanza kuita. Mtu amejenga Iyumbu au Nala, au ana shamba la zabibu kule Mpunguzi, na kutoka barabara kubwa mpaka getini ni vumbi tupu. Swali huwa lile lile: "Injinia, mita moja ya lami nyepesi shilingi ngapi?" Mimi nauliza langu: maji ya mvua yanapita wapi hapo kwako? Mzee mmoja alinicheka kabisa. "Injinia, hayo ya mitaro ni mambo ya Dar. Dodoma hapa mvua iko wapi?"

Ipo. Tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na nyingi zinashuka kwa fujo ndani ya siku chache. Korongo ambalo watoto wamelichezea mpira tangu Juni linajaa kwa saa moja. Magari ya nyumbani hayaiui lami nyepesi. Maji ndiyo yanaiua.

Lami nzito ni kokoto, mchanga na lami vilivyochanganywa mtamboni vikiwa vya moto, vikatandazwa kwa unene wa sentimita kadhaa. Lami nyepesi ni lami unayoimwaga juu ya changarawe iliyoshindiliwa, ukatandaza kokoto juu yake na kupitisha rola. Kisha unarudia kwa kokoto ndogo zaidi. Tabaka zote mbili hazifiki sentimita tatu. Siyo lami ya maskini kama watu wanavyodhani: Australia na New Zealand wanaitumia mpaka kwenye barabara kuu. Ila haibebi mzigo. Anayelijua tembe la Kigogo atanielewa: udongo wa juu ya paa unazuia maji, mzigo uko kwenye nguzo na boriti. Nguzo ikiliwa na mchwa, kandika udongo unavyotaka, paa litashuka tu.

Kwa hiyo pesa yako nyingi itazikwa. Ukiwa kwenye udongo mwekundu wa kichanga, una bahati. Ukiwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule ambao Oktoba unapasuka mpaka mkono unaingia kwenye ufa, lazima uutoe au uinue njia juu yake kwa kifusi kizuri, maana ukilowa unavimba na ukikauka unasinyaa, na lami inapasuka pamoja nao. Juu weka changarawe nzuri, sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ikiwa na unyevu wa kutosha. Usiniamini mimi wala fundi mwingine: leta lori lililojaa, liendeshwe taratibu juu yake, wewe tembea pembeni ukiangalia matairi. Sehemu inayobonyea na kurudi kama godoro, ichimbuliwe.

Njia ya upana wa mita 4 naipa mgongo: katikati iwe juu kuliko kingo kwa sentimita 6. Mitaro pande zote. Pale njia yako inapokutana na barabara ya umma, omba kibali kwanza TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ikiwa ni barabara yao, na weka kalavati la kipenyo cha sentimita 60. Dogo zaidi ya hapo linajaa mchanga msimu mmoja na huwezi kulizibua.

Yule mzee aliyenicheka nilimkubalia, nikaweka mtaro upande mmoja tu. Kosa ni langu. Januari maji yakapita upande wa pili, yakachimba chini ya ukingo, na mita kama 12 za lami zikabaki zikining'inia kama mkate uliolika kwa chini.

Sasa lami yenyewe. Baada ya kufagia changarawe tunapiga praimu, lami ya majimaji iliyoyeyushwa kwa mafuta ya taa, ishuke ndani na kufunga vumbi. Iache ikauke siku mbili au tatu. Kisha kwa kazi ndogo napenda emalsheni, lami iliyochanganywa na maji, kwa sababu haihitaji kuchemshwa mpaka nyuzi 160 kwenye pipa juu ya kuni, kazi ambayo imeshaunguza vijana wengi. Inamwagwa ikiwa ya rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea, halafu unaiona ikigeuka nyeusi maji yanapojitenga. Kokoto zitandazwe kabla haijageuka. Hapa ndipo watu wanapopunjwa: emalsheni ya asilimia 60 ina lita 60 tu za lami katika kila lita 100. Fundi akikwambia amemwaga lita moja na nusu kwa mita ya mraba, iliyobaki barabarani ni lita 0.9.

Kokoto zetu nyingi ni za graniti, na graniti haishikani vizuri na lami. Emalsheni yenye chaji chanya inasaidia, kwa sababu uso wa graniti una chaji hasi. Lakini kokoto zikiwa na vumbi, hakuna dawa: lami itashika vumbi, siyo jiwe. Chota kokoto konzi mbili, tia kwenye ndoo ya maji safi, koroga. Maji yakiwa kama uji, zioshwe na zikaushwe, au lori ligeuze.

Jambo moja ambalo Dodoma linatuumiza kuliko kwingine ni boza la maji. Linaingia limejaa, linakata kona mbele ya tangi huku limesimama, na tairi linang'oa kokoto kama kisu cha kukwangua magamba. Pale boza linapogeukia weka zege au pevingi. Lami nyepesi iishie hapo.

Wiki mbili za mwanzo gari zisizidi kilomita 20 kwa saa. Kokoto zitaruka na kukimbilia pembeni. Mpe mlinzi fagio laini azirudishe kwenye njia za matairi asubuhi, kabla ya jua kali. Zitakazobaki legelege baada ya hapo, zifagie uzitie kwenye gunia. Utazihitaji kwa viraka mvua zikianza.