Je, wajua? Vidole vinaweza kupona na watu wakaendelea kufa kazini

Swali lenyewe ni hili: ukipunguza majeraha madogo madogo kazini, vifo navyo vinashuka? Miaka ya nyuma ningekujibu ndio bila hata kumeza mate, maana nilikuwa karani kwenye saiti moja ya ghorofa hapa Kigoma, maeneo ya Mwanga, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kutunza daftari la ajali. Kidole kimechanika, naandika. Msumari umetoboa ndala hadi kwenye unyayo, naandika, namwagia mtu spiriti tunaendelea.

Baadaye zikaja glovu na mabuti, na bosi akaweka utaratibu kwamba wiki ikipita bila jeraha, Jumamosi tunakula pilau. Daftari likawa safi balaa. Nikabandika ukutani ile pembetatu niliyofundishwa semina, juu ajali kubwa 1, katikati majeraha madogo 29, chini matukio 300 yasiyomuumiza mtu, nikawaambia mafundi tukikata huku chini kilele kitaanguka chenyewe. Saidia fundi mmoja alinisikiliza muda wote mkono uko mfukoni, kumbe kidole kimepasuka na hakutaka kutukosesha pilau.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo kamba ya puli ikakatika. Ndoo ya lita 20 ikijaa zege uzito wake unakaribia fuko la saruji la kilo 50, na ile ilishuka kutoka ghorofa ya pili ikatua palepale mama ntilie anapopangaga masufuria yake, yeye alikuwa kaenda kuchota maji. Tukaokota vipande vya sufuria moja, tukacheka ile ya woga, kamba ikafungwa fundo. Jioni nikaandika kwenye daftari: hakuna ajali. Pilau ikaliwa.

Sasa hii pembetatu imetoka wapi? Ni ya Mmarekani mmoja wa kampuni ya bima, Herbert William Heinrich, aliyeiandika mwaka 1931. Na hapa ndo sehemu ambayo mimi, semina yangu na nadhani nusu ya mabango ya usalama duniani tuliiruka. Heinrich alikuwa anazungumzia ajali 330 za aina ileile, zinazomkuta mtu yuleyule. Yani mtu akiteleza palepale mara 330, mara 300 atainuka ajipanguse, mara 29 ataumia kidogo, mara 1 ataumia vibaya. Hakusema msumari wa unyayoni na kamba ya puli ni ndugu. Waliokuja nyuma yake wakachukua ajali zote za kiwanda, wakazimwaga kwenye pembetatu moja kama mtu anayechanganya dagaa na migebuka kwenye tenga moja halafu anataka bei moja.

Takwimu za Marekani zinaonyesha vizuri. Mwaka 2009 sekta binafsi kule iliripoti majeraha na magonjwa ya kazini 3.6 kwa kila wafanyakazi 100, na mwaka 2019 ikawa 2.8, maana yake yameshuka kwa zaidi ya moja ya tano. Vifo je? Mwaka 2009 vilikuwa 3.5 kwa kila wafanyakazi 100,000, na mwaka 2019 vilikuwa 3.5. Miaka kumi ya glovu na vikao, kilele hakijatikisika! Halafu kuna mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon kwenye Ghuba ya Mexico: tarehe 20 Aprili 2010 wakubwa walikuwa wamepanda mtamboni, na jambo mojawapo lilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila mtu kuumia kiasi cha kukosa kazi. Usiku wa siku hiyohiyo ukalipuka, wakafa watu 11.

Kwa nini inakuwa hivi? Aliyenifungua macho hajawahi kukaa semina hata moja. Baba yangu mdogo anakwea michikichi upande wa Simbo, na nilivyoenda kumsalimia nikiwa bado na akili zangu za pembetatu nilimkuta mikono imejaa miiba kama kawaida.

"Shikamoo baba mdogo, mbona hutafuti glovu?"

"Marahaba mwanangu. Miiba hii inanisalimia tu. Mimi naangalia kamba."

Na kweli, kabla hajapanda aliivuta kamba yake ya kukwelea mara mbili, akapitisha kidole gumba polepole kwenye ile sehemu inayosuguana na mti, ndo akaanza kupanda.

Tufanye hesabu kwa huo mti wake. Mwiba unachoma kwa nguvu ya mkono tu, basi. Lakini mtu akidondoka kutoka mita 2 anafika chini na mwendo wa kama kilomita 22 kwa saa, na mchikichi wa zamani una mita 12 hivi, akidondoka toka kileleni anafika chini na kama kilomita 55 kwa saa, sawa na bodaboda iliyo kwenye mwendo kugonga ukuta, na hapa bodaboda ni yeye mwenyewe. Daktari William Haddon na wenzake walishasema tangu miaka ya 1960 kwamba jeraha ni nishati iliyoingia mwilini kuliko mwili unavyoweza kubeba. Urefu, uzito, mwendo, umeme, moto, presha, hivyo ndo vinaua. Wape wakwezi wote wa Simbo glovu nzuri, miiba itapungua toka 300 hadi sifuri na daftari litameremeta, ila idadi ya wanaodondoka itabaki ileile, maana glovu haijaongea chochote na kamba.

Kwa hiyo pembetatu zipo nyingi, kila hatari na yake. Ya kudondoka ina chini yake pia: kamba iliyolika, mguu ulioteleza kamba ikashika, mti uliolowa asubuhi. Hivyo ndo vya kuandika, hata kama hajaumia mtu. Ile ndoo yangu ya zege ilibaki kidogo tu iwe kilele kabisa, ikaandikwa kama siku njema kwa sababu ya ndoo ya maji ya mama ntilie.

Ila nisije nikavuka upande wa pili nako nikadondoka. Utafiti mmoja wa mwaka 2018, ulioangalia sehemu za uchimbaji zaidi ya 25,000 Marekani, ulikuta palipo na majeraha mengi uwezekano wa kifo nao unapanda, kwa hiyo idadi ya majeraha sio takataka, inaonyesha kitu fulani kuhusu menejimenti. Na hizo takwimu za kushuka nazo zisomwe kwa tahadhari, kule pia kuna vidole vilivyo mfukoni. Halafu nishati nayo haielezi kila kitu, mtu anaweza kuanguka toka kwenye stuli akatua na kichwa, na mwiba mdogo ukiingiza pepopunda hauulizi nishati.

Kinachofanya kazi zaidi ni kuiondoa hatari yenyewe kabla ya kumvisha mtu vifaa. Kwa saiti yetu ilikuwa kuzungushia uzio chini ya puli na kubadilisha kamba, hela yake haifiki pilau la mwezi. Kwa michikichi, ni miti mifupi: mbegu ya Tenera inayozalishwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapahapa Kigoma inaanza kuzaa ikiwa bado chini, unakata mkungu umesimama ardhini, na mchikichi ukirefuka unatumia mundu uliofungwa kwenye fimbo ndefu. Mundu wenyewe ukifungwa kwenye bomba la aluminiamu karibu na nyaya za umeme ni balaa jingine, nishati haikosi mlango.

Baba mdogo ameshapanda Tenera zake chache nyuma ya nyumba, bado hazijazaa, hivyo anaendelea kukwea ile mirefu. Glovu nilizompelekea anazo. Anazivaa akiwa chini, anapochambua chikichi.